Kizuri Hakijiuzi: Somo la Mnadani kwa Mhudumu wa Afya na Mgonjwa

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa miaka mingi sisi watoa huduma za afya tumeishi kwa methali hiyo bila kuitamka. Tumefungua kliniki, tumepanga dawa, tumebandika mabango ukutani, kisha tumeketi tukimngoja mgonjwa aje mwenyewe. Dawa za kifua kikuu huponya, na katika vituo vya umma nchini Tanzania hutolewa bila malipo. Je, kuna kizuri kilichozidi hicho? Hata hivyo, katika ukanda wa machimbo unaoanzia Shinyanga, ukapita Kahama na kufika Geita, wapo wachimbaji wanaokohoa kwa miezi kadhaa kabla ya kupima, na wapo wanaoanza dawa kisha wakaziacha njiani.

Wakati sisi tumeketi, kibaya kimetembea. Zebaki humfuata mchimbaji hadi mwaloni, ikiuzwa kwa kipimo kidogo kulingana na fedha aliyonayo. Sigara huuzwa mojamoja karibu na mdomo wa duara. Dawa isiyojulikana imetengenezwa na nani hutangazwa kwa kipaza sauti kuwa inatibu kifua, kiuno, shinikizo la damu na mikosi kwa pamoja, na watu huinunua.

Hoja ya makala haya ni moja. Afya njema haijiuzi. Inahitaji watu wanaojua kuiuza kwa uaminifu, na walimu wa kazi hiyo tunao karibu: ni wafanyabiashara stadi wa minada na masoko yetu. Mhudumu wa afya anaweza kujifunza kwao namna ya kushawishi bila kulazimisha. Mgonjwa na jamaa zake wanaweza kujifunza namna ya kueleza shida, kuuliza, na kumtambua anayewauzia hewa.

Historia ya tiba yenyewe inatuonya. Mwaka 1847, daktari Ignaz Semmelweis wa hospitali kuu ya Vienna aliwaagiza madaktari na wanafunzi wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwapima wazazi. Mwaka 1846, katika wodi hiyo, walifariki takriban akina mama 11 katika kila 100. Mwaka 1848 hawakufika wawili. Ushahidi ulikuwa wazi kiasi hicho, lakini Semmelweis alichelewa kuuandika, na alipouandika aliwatukana waliompinga. Wenzake wengi walikataa, na akina mama wakaendelea kufa katika hospitali nyingi za Ulaya. Alifariki mwaka 1865 kabla ya ukweli wake kukubalika. Alikuwa na kizuri mikononi, lakini hakikujiuza.

Muuzaji stadi hufanya nini?

Ukanda huu ni wa biashara tangu kale. Kabla dhahabu haijavuta umati, wahunzi Warongo wa upande wa Geita walifua majembe yaliyofika mashambani kwa Wasukuma. Leo, atakayekwenda mnada wa Mhunze wilayani Kishapu, akapita Maganzo penye madalali wa almasi, au akatembea katika masoko ya Katoro mkoani Geita, atawaona wauzaji wa kila namna. Tofauti ya stadi na asiye stadi si ukubwa wa sauti.

Asiye stadi husifia mali yake kwa kila apitaye. Stadi husalimia kwanza. Asubuhi utamsikia akisema "Mwangaluka!" kwa mama wa Kisukuma aliyetoka kijijini, kisha hutazama mkono wa mama huyo unagusa nini. Ukigusa sufuria kubwa, haanzi na bei. Huuliza anapikia watu wangapi. Humwachia sufuria aishike, aigonge, aipime uzito. Mama akisema ni ghali, muuzaji hanuni wala haondoki. Huuliza mama ana kiasi gani. Wakikubaliana, humfungia vizuri na kumwambia mahali anapopanga bidhaa kila mnada, ili likitokea tatizo arudi. Katika tendo hilo dogo mna mambo sita ambayo vitabu vya mawasiliano ya tiba hujitahidi kuyafundisha: heshima, usikivu, udhihirisho, kukaribisha pingamizi, kurahisisha, na kuendelea kuwajibika baada ya mauzo.

Anza na shida ya mnunuzi

Chukua mfano wa zebaki. Mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, huosha unga, huchanganya na zebaki ili inase chembe za dhahabu, hukamua mchanganyiko huo kwa kitambaa, kisha huuchoma kwenye mkaa. Zebaki hugeuka mvuke, dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani, nao ukivutwa huingia katika damu na kufika kwenye ubongo na figo. Dalili zake huja polepole: mikono kutetemeka, kusahau, hasira zisizo na sababu, usingizi kupotea. Kwa mama mjamzito, zebaki hupita kondo la nyuma na kuweza kuharibu ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Kati ya mwaka 2002 na 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, UNIDO, liliendesha mradi kuhusu zebaki katika nchi sita, Tanzania ikiwemo. Hapa nchini eneo lililochaguliwa lilikuwa Lwamgasa, Geita, ambayo katika maandishi mengi huitwa Rwamagasa. Miongoni mwa vifaa vilivyofundishwa ni retoti, chombo kilichofungwa ambamo mchanganyiko huchomwa, mvuke ukapita kwenye bomba, ukapoa na kurudi kuwa zebaki. Kifaa ni chepesi kueleweka na kinaokoa maisha. Lakini katika machimbo mengi duniani wachimbaji wamesita kukitumia, na sababu zao ni za mnunuzi mwenye akili: chombo kikifungwa siioni dhahabu yangu, nani ajuaye kama haiibwi? Kinachukua muda, na wenzangu wanangoja mgawo.

Mhudumu anayehubiri habari za figo na ubongo hajajibu hata swali moja kati ya hayo. Muuzaji stadi angeanza hapo hapo. Angesema: "Zebaki unayoichoma leo umeinunua kwa fedha, chombo hiki kinakurudishia sehemu kubwa uitumie tena." Kwa asiyeamini chombo kisichopenyeza macho, zimewahi kubuniwa retoti zenye kifuniko cha kioo, na nyingine zilizoundwa kwa mabakuli ya jikoni na mabomba ya kawaida ya maji, ili fundi wa mtaani aweze kuzitengeneza. Anayekitumia chombo kwa ajili ya fedha yake hulinda pia mapafu yake na ya watoto wanaocheza karibu. Uaminifu, hata hivyo, unatudai tuongeze neno: retoti hupunguza hatari, haiiondoi. Lengo la Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, ni kupunguza matumizi ya zebaki katika uchimbaji mdogo na, inapowezekana, kuyakomesha. Na kuchoma dhahabu ndani ya nyumba au jikoni ni jambo la kuacha leo, chombo kiwepo au kisiwepo.

Pingamizi ni mlango

Mnadani, mtu asemaye "ghali" bado yupo. Aliyekataa kweli ameshaondoka. Hospitalini sisi huchukulia pingamizi kama ukaidi, tukamjibu mgonjwa kwa karipio: "Mbona hukuja mapema? Usipopima utakufa." Mgonjwa hunyamaza, huchukua karatasi ya maabara, hupitia mlango mwingine na kurudi machimboni. Tazama mazungumzo haya ya mfano, kati ya muuguzi kijana na mchimbaji mtu mzima, yakifuata njia nyingine:

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za machimboni?"

"Tunahangaika tu. Duara letu limeanza kutoa mawe mazuri."

"Hongereni. Na kifua kinasemaje?"

"Ah, hiki ni vumbi tu. Nipe dawa ya kutuliza nirudi kazini."

"Vumbi linaweza kuwa limechangia kweli. Kinakusumbua zaidi wakati gani?"

"Usiku. Natokwa jasho mpaka shuka linalowa. Na siku hizi nikishuka duarani, kupanda ni shida. Vijana wameanza kunong'ona."

"Wananong'ona nini, baba?"

"Kwamba nimechoka. Mtu akionekana amechoka anatolewa kwenye zamu, na mgawo wake unapungua."

"Kwa hiyo linalokuuma zaidi ni nguvu ya kazi."

"Ndilo hilo."

"Ukiniruhusu, nikueleze ninachohofia." Mchimbaji anatikisa kichwa kukubali. "Kikohozi cha muda mrefu pamoja na jasho la usiku huweza kuwa kifua kikuu. Kikiwa hicho, dawa ipo, ni bure, na watu hupona. Kisipokuwa hicho, tutatafuta kingine. Lakini bila kupima sitajua nikupe nini."

"Kupima siku ngapi? Mgawo ni kesho."

"Makohozi unaweza kutoa sasa hivi. Kipimo cha mashine huchukua saa chache tu. Ukishindwa kungoja, niachie namba ya simu, nitakupigia mwenyewe majibu yakitoka. Unaonaje, baba?"

"Basi nipe hicho kikopo."

Muuguzi huyo hakubishana na neno "vumbi tu". Alilikubali kwa kiasi cha ukweli wake, kwa maana vumbi la mawe ni adui halisi. Hakutaja kifo. Alimwacha mzee ataje mwenyewe jambo analoliogopa, nalo halikuwa ugonjwa bali kupoteza nafasi kwenye zamu. Kisha aliomba ruhusa, akasema ukweli kwa ufupi, akaondoa kikwazo cha muda, na mwishoni akauliza uamuzi. Wauzaji wengi wasio stadi husahau hatua hii ya mwisho: husifia mali hadi jua linatua, wasiulize, "Nikufungie?"

Sayansi ya tiba ilifika mahali hapo kwa njia yake. Mwaka 1983, mwanasaikolojia wa Marekani William Miller alieleza namna ya kuzungumza na watu wenye tatizo la ulevi, akionyesha kwamba kubishana nao huwafanya watetee pombe, ilhali kuwauliza na kuwasikiliza huwafanya wataje wenyewe sababu za kuacha. Yeye na Stephen Rollnick wa Uingereza waliiendeleza njia hiyo katika kitabu cha mwaka 1991, na leo hutumika kwa wavutaji sigara, wagonjwa wa kisukari na wanaotumia dawa za muda mrefu. Neno la kushawishi lenye nguvu kuliko yote ni lile litokalo kinywani mwa mgonjwa mwenyewe.

Anayeaminika huuza zaidi

Mwenye duka mgeni hukopesha mtu aliyeletwa na mteja wa zamani. Imani huhamishika. Jambo hili limepimwa kitaalamu huku kwetu Kanda ya Ziwa. Wanaume wengi wa Kisukuma kwa desturi hawakuwa wakitahiriwa, ilhali tafiti za Afrika zilikwisha kuonyesha kwamba tohara ya kitabibu hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa VVU na mwanamke. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Lancet, vijiji 16 vya kaskazini magharibi mwa Tanzania vilifikiwa na kampeni ya kawaida ya tohara. Katika vijiji 8 kati ya hivyo, viongozi wa makanisa walipewa pia mafunzo kuhusu tohara, kwa upande wa tiba na kwa upande wa imani na utamaduni. Katika vijiji vya viongozi hao, takriban wanaume 53 katika kila 100 walijitokeza. Katika vijiji vingine walijitokeza takriban 30. Huduma ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni nani aliyeizungumzia.

Machimboni, nani anaaminiwa? Mara nyingi si daktari. Ni kiongozi wa duara, mama lishe anayejua nani amepunguza sahani yake, fundi wa karasha, mwenye duka la dawa, na mganga wa tiba asili. Mama lishe akielezwa kwamba kukohoa kwa wiki mbili au zaidi, homa, jasho la usiku na kukonda ni sababu ya kwenda kupima, atawatambua wahitaji kabla ya sisi kuwaona. Na aliyepona kifua kikuu, akikubali kwa hiari yake kusimama mbele ya wenzake na kusema, "Nilikuwa nimelala, leo napanda duara," ni udhihirisho ambao bango halitaufikia kamwe.

Mfanye anunue bila kuhangaika

Machi 2019, Geita lilifunguliwa soko la dhahabu, na masoko kama hayo yakafuata katika mikoa mingine. Mwaka huohuo serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 wanapouza humo. Mizani, wanunuzi na maofisa waliwekwa mahali pamoja. Mantiki yake ni ya kibiashara: ukitaka mtu apite njia iliyonyooka, ifanye iwe fupi na nafuu kuliko ya panya.

Mfano wa namna hiyo katika afya, na ulio bora kuliko yote nchini, haukutoka machimboni bali mkoani Morogoro. Kuanzia mwaka 1996, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, watafiti wa Ifakara na wenzao waliamua kuuza vyandarua na dawa ya kuvitia kupitia wafanyabiashara wa kawaida, kwa jina ambalo kila mtu angelielewa: Zuia Mbu. Kabla ya kuuza, waliwauliza wakazi kuhusu mbu, homa na degedege, wakagundua kwamba wengi hawakulihusisha degedege na malaria. Hivyo ujumbe ulianza pale mawazo ya watu yalipokuwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Kuanzia mwaka 2004, mpango wa Hati Punguzo ulimwezesha mjamzito kupokea hati kliniki na kununua chandarua dukani kwa kuongeza fedha kidogo tu.

Tujiulize basi: kliniki inayofunguliwa asubuhi na kufungwa alasiri inamuuzia nani, ikiwa mchimbaji yuko chini ya ardhi saa hizo? Je, hatuwezi kupeleka vikopo vya makohozi siku ya mnada, au jioni ya siku ya mgawo? Je, lazima mgonjwa apange foleni tatu kwa huduma moja? Wakati mwingine tunaloliita ukaidi wa mgonjwa ni umbali wa kaunta yetu.

Mauzo hayaishi mali inapotoka mkononi

Tiba ya kifua kikuu cha kawaida huchukua miezi sita. Baada ya wiki chache mgonjwa hupata nafuu, kikohozi hupungua, hamu ya kula hurudi. Na hapo ndipo wengi hujiona wamepona. Wakati huohuo rashi mpya hutangazwa mahali pengine, na kijana hufunga mfuko wake. Vijidudu vilivyosalia huweza kurudi vikiwa sugu kwa dawa.

Muuzaji mwaminifu hutaja kasoro ya mali kabla mnunuzi hajaigundua, naye huaminiwa kwa ajili hiyo. Mwambie mgonjwa mapema kwamba mojawapo ya dawa hizi, rifampisini, hubadilisha rangi ya mkojo ikawa kama ya chungwa, na kwamba jambo hilo halina madhara. Asipoambiwa, atadhani anakojoa damu na kuziacha. Mwambie pia kwamba macho yakigeuka manjano, au akitapika mfululizo, arudi mara moja. Mwambie kwamba nafuu ya mwezi wa pili si mwisho wa safari. Na mwambie kwamba kuhama si kosa: akitoa taarifa kabla ya kuondoka, ataandikiwa uhamisho na kuendelea na dawa kituo cha karibu na machimbo mapya. Kisha mpigie simu. Simu ya dakika moja ya muuguzi anayeuliza, "Baba, unaendeleaje na vidonge?" ni huduma ya baada ya mauzo.

Uaminifu huu ni mgumu zaidi pale tusipokuwa na dawa. Vumbi laini la silika huingia ndani kabisa ya mapafu na kuyaacha na makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuurudisha nyuma, na humfanya mtu awe rahisi zaidi kupata kifua kikuu. Hapo tusiuze matumaini ya bandia. Tuuze kinga: kumwagia mawe maji wakati wa kutoboa na kusaga, kukaa upande unakotoka upepo, kutumia barakoa maalumu za vumbi, kwa sababu kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hilo laini. Na aliyekwisha kuugua tumwambie ukweli kwa upole, pamoja na yale yanayoweza kufanyika: kuondoka vumbini, kuacha sigara, na kupima kifua kikuu mara kwa mara.

Mpaka kati ya muuzaji mwema na tapeli

Msomaji ana haki ya kuuliza: je, kumfundisha mhudumu mbinu za sokoni si kumfundisha ulaghai? Mbinu ni kama kisu. Cha mpishi na cha mwizi hutoka kwa mhunzi mmoja. Muuzaji mwema anaweza kusikia neno "hapana" na bado akakusalimu kesho. Tapeli hukuharakisha: "Leo tu, kesho imekwisha." Mwema hutaja asichokiweza, tapeli hutibu kila kitu. Mwema ana mahali pa kudumu pa kurudishiwa lawama. Tapeli ana gari linaloondoka jioni. Mwema anakubali ukaulize kwingine. Tapeli hukuambia madaktari wanakuficha siri.

Kwa hiyo, kabla ya kununua dawa yoyote mnadani au kwa mtu aliyekuja mlangoni, uliza: inatibu nini hasa, na haitibu nini? Ina nini ndani, na imesajiliwa? Ina madhara gani? Inaweza kunywewa pamoja na dawa zangu za hospitali? Ikinidhuru, nitakupata wapi wiki ijayo? Asiyeweza kujibu, mwache na mali yake. Na maswali hayohayo una haki ya kutuuliza sisi madaktari.

Mgonjwa naye ana la kuuza

Mbele ya daktari mwenye foleni ndefu, mgonjwa ana dakika chache za kueleza habari yake, na mara nyingi jambo kubwa hulitaja mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango. Anza nalo. Taja linalokusumbua zaidi, lilianza lini, na limekunyima nini. Taja kazi yako bila kuona haya: "Natoboa mawe," "Nachoma dhahabu." Neno hilo moja hubadilisha vipimo ambavyo daktari ataagiza. Taja dawa zote ulizokwisha kutumia, za dukani na za mitishamba; lengo si kukukaripia, bali kuzuia dawa zisigombane mwilini. Kabla ya kuondoka, hakikisha una majibu ya maswali matatu: nina nini, nifanye nini, na kwa nini ni muhimu? Ukiona maagizo hayawezekani kwa maisha yako, sema hapo hapo na mpatane, kama unavyopatana bei. Ratiba mliyoafikiana nyote wawili ina thamani kuliko ratiba nzuri usiyoweza kuifuata.

Nyumbani pia kuna mauzo. Mke anayetaka mumewe akapime, au kijana anayemhofia kaka yake, asianze mbele ya rafiki zake wala wakati wa ugomvi. Achague saa ya utulivu, aulize kabla ya kushauri, na aombe jambo dogo: si "kaanze matibabu," bali "twende pamoja Jumatatu, nikusindikize." Biashara haigombi. Akikataa leo, mlango uachwe wazi. Wateja wengi wa mnadani hununua mara ya tatu wanapopita.

Kwa wahudumu wenzangu, pendekezo langu ni dogo na halihitaji bajeti. Siku moja ya mnada, nendeni bila koti jeupe, msimame karibu na muuzaji anayezungukwa na watu, mtazame kwa saa moja. Hesabuni mara ngapi anauliza na mara ngapi anaeleza. Kisha siku inayofuata, kliniki, jihesabuni ninyi.